Kuunga Vipande vya Picha

Wengi wenu mwatengeneza nyumbani picha za arusi na za wazee, nanyi mmeona jinsi kipande kimoja kinavyoyeyuka katika cha pili. Jueni ya kuwa kwa muda huo vyote viwili vyaonyeshwa pamoja: cha kwanza chafifia toka 100 hata 0 kwa mia, na cha pili chazidi kwa kadiri ile ile. Ufundi huu si mpya. Georges Méliès wa Ufaransa aliutumia katika sinema yake Cendrillon, mwaka 1899.

Basi, myeyuko wa sekunde 1 ukiwekwa katikati ya kiungo, programu huhitaji nusu sekunde ya ziada kila upande. Msipobakiza ziada, programu nyingine huigandisha picha ya mwisho. Nyingine hukilaza kipande juu ya mwenziwe, na neno la mwisho la babu hufunikwa na vigelegele vya kipande kifuatacho. Naye akiisha kuzikwa, ni nani atakayelisema tena?

Kwa hiyo twawashauri: mzee akinyamaza, msizime kamera upesi, hesabuni kwanza hata tatu. Na penye maneno mazito, ungeni kwa mkato mtupu.