Mwenye nyayo bapa na apime kwanza
Ni kweli kuwa viatu vya soli nyembamba huuachia mguu kazi yake, walakini mwenye nyayo bapa, kabla ya kuvitolea fedha, yafaa asimame kwa ncha za vidole mbele ya kioo, akiuona uvungu wa wayo umejitokeza ajue mguu wake wanyumbuka na hofu yake si kubwa. Usipojitokeza, au akihisi maumivu, tabibu ni aula kuliko muuza viatu. Kisha avipime viatu jioni, hali amesimama, kwa kuwa wayo kama huo hurefuka na kutanuka ubebapo mwili, na vidole vyataka wasaa. Kisigino kilichozoea kuinuliwa na viatu vya soli nene kishushwe taratibu, maana kano ya nyuma yake haipendi ghafla. Makubadhi yetu ya pwani, bapa tangu asili, yangefaa, lau si ngozi yake kuwa ngumu.