Mlima, Ziwa na Nasaba ya Maneno

Mwanachuo aendapo mazoezi ya kufundisha hukutana na swali ambalo kitabu cha kiada hakina jibu lake: kwa nini mlima ukaitwa mlima? Walimu wengi hujibu upesi kwamba watu walikuwa wakilima huko juu. Jibu hilo lapendeza, lakini kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Hapa Msasani pia wapo wasemao kuwa jina la mtaa latokana na mtu aliyeitwa Musa Hassani. Twaona yatosha kuutazama msasa, mti ule wenye majani ya kukwaruza, kisha kuwakumbuka jirani zetu wa Mikocheni na mikoche yao.

Wataalamu huenda kwa njia nyingine. Carl Meinhof mwaka 1899, na Malcolm Guthrie katika vitabu vyake vya 1967 hadi 1971, walilinganisha lugha nyingi za Kibantu ili kupata maumbo ya kale yasiyoandikwa popote. Kibantu cha kale kilikuwa na irabu saba. Kiswahili kina tano. Zilikuwapo i mbili, moja ya kubana sana na nyingine iliyolegea kidogo, nasi tumezifanya moja. Hata hivyo alama zimebaki katika konsonanti. Sauti ambayo wataalamu huiandika d iligeuka z mbele ya i ya kubana, na l mbele ya ile nyingine. Ndiyo sababu tuna zima na lima, ziwa na mlima. Wakikuyu bado hutofautisha irabu hizo, nao huandika kĩrĩma. Kwa upande wa ziwa, Washona husema dziva na Wazulu isiziba, maana yake kilindi cha maji mtoni.

Maana huhama, kanuni za sauti hazihami ovyo. Hata huko Ulaya, gora ya Kirusi ni mlima, na giria ya Kilithuania, iliyo ya shina hilohilo, ni msitu.

Hatusemi mtoto wa darasa la tano afundishwe Meinhof. Twasema mwalimu asibuni. Tena lipo jambo zito zaidi. Katika shule nyingi mtoto atamkaye neno la nyumbani hukaripiwa, au wenziwe humcheka kwa lafudhi yake, na mwalimu huuacha mchezo huo uendelee kwa kudhani anakilinda Kiswahili. Kumbe Kisukuma na Kinyamwezi vingali na irabu saba. Mtoto yule anayechekwa amekuja darasani na kitu ambacho Kiswahili kilikipoteza zamani, na hakuna aliyemwambia. Somo la msamiati likifika kwenye kulima, mwalimu amwombe alitamke neno hilo kama bibi yake alitamkavyo, pole pole, mara mbili, na darasa zima linyamaze liisikie ile i.