Gari la Makerere ni Funzo kwa Lodwar na Kakuma

Kila mara bei mpya za petroli zinapotangazwa jijini Nairobi, sisi wakazi wa Lodwar hatungoji kuelezwa kwamba yetu itakuwa juu kuliko ya wenzetu wa mijini. Mafuta hutufikia kwa malori kutoka mbali, na gharama ya safari hiyo hulipwa na mwendeshaji bodaboda, na mama anayepeleka samaki sokoni, na mgonjwa anayekimbizwa hospitalini. Kinaya ni kwamba mafuta ghafi yaligunduliwa hapa hapa Turkana, katika kisima cha Ngamia 1, mwezi wa Machi mwaka 2012. Mwaka 2018 yalianza kupakiwa kwenye malori huko Lokichar na kuteremshwa hadi Mombasa, na mwezi wa Agosti mwaka 2019 shehena ya kwanza ikapelekwa ng'ambo. Mwenye kisima akabaki na ndoo tupu.

Nayataja haya kwa sababu sasa kuna mali nyingine inayozungumzwa kote nchini, nayo ni gari la umeme. Serikali imepunguza kodi ya vyombo hivyo, na sheria ya fedha ya mwaka 2023 iliondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki na mabasi ya umeme. Katika barabara za Nairobi mabasi ya namna hiyo yanabeba abiria kila siku. Swali langu ni moja tu: je, mali hii nayo itapita kando yetu kama ilivyopita ile ya kwanza? Ili kulijibu, yafaa tutazame yaliyowapata watu waliojaribu kuunda magari haya kabla yetu.

Wengi hudhani kwamba gari la umeme ni jambo la juzi. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani waliyaendesha kwa wingi, na kampuni ya Detroit Electric iliyaunda kuanzia mwaka 1907 hadi miaka ya 1930. Petroli ilipopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, magari hayo yakasahauliwa. Mwaka 1973 mataifa ya Kiarabu yalipokaza mkono na bei ya mafuta ikapanda, wakazuka tena mafundi wa vigari vidogo vya umeme. Huko Florida, Marekani, kampuni ya Sebring-Vanguard ilianza kuuza CitiCar mwaka 1974, kigari chenye umbo la kabari ya jibini. Yaliundwa zaidi ya 2,000, lakini kufikia mwaka 1977 kampuni ilikuwa imeanguka. Uingereza nayo ilikuwa na Enfield 8000, ambalo halikupita magari 120 hivi, mengi yake yakinunuliwa na mashirika ya umeme yenyewe. Kampuni hizi zilijengwa juu ya hofu ya mafuta kuadimika. Hofu ilipopungua, wanunuzi nao wakatoweka.

Waliofuata walijifunza. Huko Bangalore, India, kampuni ya Reva iliyoasisiwa mwaka 1994 ilianza kuuza kigari chake mwaka 2001. Walicheka wengi, kwa kuwa kilikuwa kidogo na cha mwendo wa pole. Lakini waundaji wake walitafuta mahali ambapo udogo ni faida, wakakipeleka London kuanzia mwaka 2004, mji ambao mwenye gari la petroli alitozwa ada kila alipoingia katikati yake na mwenye gari la umeme akasamehewa. Mwaka 2010 kampuni kubwa ya Mahindra ikanunua sehemu kubwa ya hisa za Reva.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, historia hiyo imeandikwa na majirani zetu wa Uganda. Mwaka 2008 wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki pamoja na wenzao wa nchi nyingine kuunda gari la Vision 200 katika mji wa Turin, Italia. Waliporudi nyumbani hawakuridhika kutundika picha ukutani. Mwezi wa Novemba mwaka 2011 waliendesha ndani ya chuo chao gari dogo la watu wawili linalotumia betri, wakaliita Kiira EV, jina ambalo pia ni la kituo cha kuzalisha umeme pale Jinja. Mwaka 2014 wakatoa gari la abiria watano linalochanganya umeme na petroli. Mwezi wa Februari mwaka 2016 wakalionyesha basi la Kayoola, la viti 35, lililowekewa paneli za jua juu ya paa. Serikali ya Uganda iliingia ikawa mwenye hisa nyingi katika kampuni ya Kiira Motors, na mwaka 2019 ujenzi wa kiwanda ukaanza Jinja.

Msomaji atauliza ni Waganda wangapi walionunua lile gari la watu wawili. Hakuna, kwa kuwa halikuuzwa kamwe. Je, lilikuwa hasara? Mimi nasema hapana. Gari lile lilikuwa darasa. Vijana walioliunda ndio waliojua, miaka michache baadaye, jinsi ya kuunganisha betri na mota ya basi. Tena walikuwa na busara ya kuacha gari la tajiri mmoja na kushika basi la abiria wengi, ambalo ndilo hitaji la nchi.

Linganisha na yaliyotupata sisi. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa na sura mbaya na mwendo wa kobe. Wahandisi wetu hawakushindwa. Magari matano ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa Kasarani mwaka 1990 kwa shangwe kubwa. Lakini baada ya shangwe fedha hazikufika, kiwanda hakikutoa gari la kuuzwa, na magari yale yakaachwa yaote kutu. Petroli au umeme, ugonjwa uliowaua Nyayo ni ule ule: sherehe bila mwendelezo. Makerere walipewa muda wa kukosea na kurekebisha, nasi tukapewa bendi na hotuba.

Sasa turudi kwetu. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi. Basi lile la Kayoola la mwaka 2016 lilikadiriwa kwenda kilomita 80 kabla ya betri kuisha. Maana yake ni kwamba lingezimika njiani, abiria wakabaki chini ya migunga wakingoja lori la kuwavuta. Atakayetuletea chombo cha umeme hapa bila kutuletea mahali pa kukichaji ametuletea jeneza lenye magurudumu.

Nao umeme wenyewe una kisa chake. Bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, lilianza kazi mwaka 1991. Maji yake ni ya mto huu huu unaopita Lodwar. Lakini nguvu zake zilipelekwa kusini kujiunga na gridi ya taifa, na kwa miongo mingi taa za Lodwar zikawashwa na jenereta za dizeli. Kuchaji gari la umeme kwa jenereta ya dizeli ni sawa na kuchota maji kwa pakacha: unachoma mafuta yale yale uliyodai kuyakimbia, tena mengine yanapotea njiani.

Hata hivyo, tunayo nguvu ambayo hakuna lori wala waya unaohitajika kuileta. Jua letu halina likizo. Tayari visima vingi vya Turkana vinavuta maji kwa paneli za jua, na katika makazi ya Kalobeyei karibu na Kakuma iko mitambo midogo ya jua inayowapa wafanyabiashara umeme. Kwa hiyo fundi anayeijua paneli tunaye. Asiyekuwapo bado ni fundi wa betri na mota.

Isitoshe, safari fupi iliyokuwa aibu ya vigari vya zamani si aibu Kakuma. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992, na sasa pamoja na Kalobeyei ina watu wapatao 300,000. Mwendeshaji bodaboda wa hapo huzunguka siku nzima kati ya soko, kliniki na vituo vya mgao, na mkimbizi hana ruhusa ya kusafiri mbali bila kibali. Pikipiki ya betri inayochajiwa kwa jua inamfaa kuliko inavyomfaa mtu wa Nairobi. Tazama pia magari ya Toyota Land Cruiser yaliyojaa katika nyua za mashirika ya misaada na ofisi za serikali, Lodwar na Kakuma. Kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kazi Nairobi mwaka 2017 kwa kung'oa injini za magari ya watalii na kutia mota za umeme. Kazi kama hiyo ingeweza kufanywa na vijana wa jua kali wa Lodwar kama wangefundishwa.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba njia ni nyeupe. Joto letu, linalopita nyuzi 35 mchana kwa sehemu kubwa ya mwaka, hulizeesha betri upesi. Vumbi huingia kila mahali. Mto Kawalase na mto Tarach hulala vikavu miezi mingi, kisha mvua ikinyesha milimani hufurika ghafla na kusomba kila kitu. Chombo kilichopimwa katika lami ya Nairobi hakijapimwa. Hii ndiyo sababu nasema majaribio yafanywe hapa: betri itakayodumu miaka kadhaa Lodwar itadumu popote Kenya.

Najua wapo watakaonikemea. Watasema Turkana ilipoteza mifugo wengi katika misimu mitano mfululizo ya ukame kuanzia mwaka 2020, na kwamba mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa Kakuma hadi wakimbizi wakaandamana; mtu mwenye njaa ana haja gani na gari la betri? Hoja hiyo ni nzito, nami siibezi. Lakini chakula hicho hicho hupanda bei kwa sababu ya mafuta ya lori, na maji ya dharura huletwa kwa magari ya dizeli. Tena mgao ulipopunguzwa, aliyekuwa na kazi ya mikono alistahimili zaidi ya asiyekuwa nayo. Kijana anayelipa nusu ya mapato yake kwa petroli naye ana njaa ya aina yake.

Ninachodai si kiwanda cha magari Lodwar. Hayo ni maneno ya majukwaani. Nadai mambo matatu. Kwanza, vyuo vya ufundi vya kaunti vifundishe betri na mota kama vinavyofundisha uashi na ushonaji, na mwenyeji na mkimbizi waketi darasa moja. Pili, kila mtambo mpya wa jua unaojengwa Lodwar, Kakuma au Kalobeyei uwe na mahali pa kuchajia vyombo. Tatu, fedha za mradi zitengwe kwa miaka isiyopungua kumi, ili tusirudie msiba wa Nyayo Pioneer.

Waganda walianza na kigari cha watu wawili ambacho hakikumfikisha mtu mbali. Kilichowafikisha mbali ni kutochoka. Nasi tuanze na pikipiki moja, paneli chache na vijana kumi, ila tusiwaachishe kazi siku ya pili baada ya mgeni wa heshima kukata utepe.