Tathmini ya Awali si Hukumu

Agosti 2018, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilipotangaza tathmini yake ya sumu zilizomo hewani kwa nchi nzima, wakazi wa Willowbrook, kando ya Chicago, walikuja kujua kwamba hatari ya saratani kwao imezidi ya mahali pengi, sababu ikiwa ethilini oksaidi, gesi isiyo rangi iliyotumiwa na kiwanda cha Sterigenics kuua vijidudu katika vifaa vya hospitali. Lakini hesabu zile zilikuwa za mwaka 2014. Yaani hewa iliyotiwa mizanini watu walikwisha kuivuta miaka minne kabla ya kuambiwa neno.

Tathmini ya namna hii ina faida, maana pasipo hiyo yamkini jambo lenyewe lingalibaki katika sitara. Hata hivyo ni wajibu kubainisha asili yake. Huanzia katika makadirio ambayo aghalabu hutolewa na wenye viwanda wenyewe, kisha kompyuta hukisia jinsi upepo unavyoitawanya sumu, na mwisho, katika tathmini ile ya 2018, ulipatikana wastani wa eneo la sensa lenye watu takriban 4,000, ambamo mtoto alalaye ukutani mwa kiwanda na mzee akaaye mbali walihesabiwa sawasawa. Hata kipimo cha ukali wa sumu hugeuka: Desemba 2016 shirika hilo hilo liliamua kwamba gesi hii huleta saratani kwa nguvu karibu mara 30 zaidi ya ilivyodhaniwa, na hewa isiyotiliwa shaka jana ikawa leo ya kutisha, ilhali haikubadilika hata kidogo.

Kwa hiyo ni dhuluma, nami nalisema bila kusita, mtawala kuishika tarakimu ndogo ya tathmini akawafungia mlango wakazi wanaolalamika, kana kwamba makadirio ni ushahidi. Huko Willowbrook vipimo halisi viliwekwa mitaani Novemba 2018, na jimbo la Illinois lilipokifunga kiwanda Februari 2019, kiasi cha gesi karibu nacho kilishuka. Ikaonekana pia baadaye kwamba gesi hiyo imo hewani hata mahali pasipo kiwanda cha aina hiyo. Haya hayakujulikana ila kwa kuipima hewa yenyewe, na kila mtaa unaotiliwa shaka una haki ya kupimiwa hivyo, gharama ikiwa juu ya mwenye kiwanda na serikali iliyompa leseni.