Wimbo wa Kuazima Si Wimbo wa Kuiba

Wapo kati yetu wasemao kwamba mwimbaji anayeimba nyimbo za wenzake ni mvivu, kichwa chake kimekauka, naye anakula jasho la mwingine. Maneno hayo tumeyasikia hata matawini, pale vijana wa kwaya wanapochukua wimbo wa zamani wa kupigania Uhuru na kuupiga kwa magitaa. Sisi hatukubali. Na ili tusionekane twasema kwa mapenzi tu, tutatoa mfano wa mbali, wa huko Marekani.

Mwaka 1991 vijana wanne wa Los Angeles waliunda bendi ya muziki wa roki, wakaiita Rage Against the Machine, yaani hasira dhidi ya mtambo. Mtambo huo si wa kusaga mahindi; ni utaratibu mzima wa wakubwa unaomsaga kabwela. Mwimbaji wao, Zack de la Rocha, ni mtoto wa mchoraji mwenye asili ya Meksiko. Mpiga gitaa, Tom Morello, si mgeni kwetu hata kidogo: baba yake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya, wa ukoo wa Mzee Jomo Kenyatta. Mtoto alizaliwa New York mwaka 1964, akalelewa na mama yake, mwalimu, katika mji mdogo wa Illinois.

Desemba 2000 bendi hiyo ilitoa santuri iitwayo Renegades, maana yake waasi. Ina nyimbo 12, na hakuna hata mmoja waliotunga wao. Upo wa Bob Dylan wa mwaka 1965, juu ya mtu anayekataa kuendelea kufanya kazi shambani kwa bwana. Aliyewahi kusikia habari za manamba wa mashamba ya mkonge hahitaji mkalimani hapo. Upo wa Rolling Stones wa mwaka 1968, mwaka ambao vijana wa London waliandamana kupinga vita vya Vietnam.

Lakini tuutazame ule uliotoa jina la santuri yenyewe. Uliimbwa kwanza mwaka 1983 na Afrika Bambaataa, Mmarekani mweusi wa Bronx, na ndani yake wanatajwa Sitting Bull, Malcolm X na Martin Luther King. (Mwaka 2016 mtu huyo alishutumiwa mambo mazito, sisi twasema juu ya jina na wimbo, si juu ya mwenendo wake.) Jina Bambaataa alilitoa kwa chifu Bhambatha wa Wazulu, aliyeongoza watu wake mwaka 1906 kupinga kodi ya kichwa huko Natal, wakati uleule ambapo babu zetu wa Maji Maji walikuwa wakipambana na Wajerumani. Basi jina limetoka Natal likavuka bahari mpaka Bronx, na wimbo wa mwenye jina ukapigwa gitaa na mtoto wa Mkenya. Huo ndio uvivu?

Hatusemi santuri yote ni safi. Zimo nyimbo mbili za kusifu bunduki ambazo sisi hatuoni zimewekwa kwa siasa gani. Tena bendi hiyo, pamoja na kelele zote dhidi ya mtambo, iliuziwa sahani zake na Epic, kampuni ya Sony, na kila sahani iliyonunuliwa ilimtia bwana fedha mfukoni. Hoja hiyo ina uzito na hatutaificha. Ila twauliza: kama ilikuwa biashara tupu, mbona iliogopwa? Baada ya mashambulio ya Septemba 2001, kampuni ya Clear Channel, yenye vituo vya redio zaidi ya elfu moja, ilisambaza orodha ya nyimbo zisizofaa kupigwa wakati ule. Wengine walitajiwa wimbo mmoja mmoja. Hawa walitajiwa zote.

Jambo lililotusikitisha zaidi ni kwamba mwimbaji aliiacha bendi Oktoba 2000, kabla santuri haijafika madukani. Maneno ya wazee yalitoka, asipatikane wa kuyasimamia jukwaani.

Hata hivyo hayakupotea. Mwaka 1939 mwandishi John Steinbeck alitoa kitabu juu ya jamaa ya Tom Joad, wakulima waliofukuzwa katika ardhi ya Oklahoma wakaenda kutafuta vibarua California. Mwaka 1995 Bruce Springsteen alimtungia Joad wimbo, akauimba taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Bendi yetu ikauchukua ikaupigia kelele za hasira, ndio uliomo katika Renegades. Je, Springsteen alikwenda mahakamani? La. Mwaka 2008 alimwita Morello jukwaani wakauimba pamoja, na mwaka 2014 akautia upya katika santuri yake mwenyewe, gitaa la Morello likinguruma ndani yake. Mwenye mali aliazima kwa waliomwazima!

Nasi tunaowacheka vijana tukumbuke tunasimama wima kwa wimbo gani. Mungu Ibariki Afrika ilitungwa mwaka 1897 na mwalimu Enoch Sontonga, karibu na Johannesburg. Tanganyika iliutia maneno ya Kiswahili, ikapata Uhuru nao mwaka 1961, na hakuna aliyetuita wezi.

Kwa hiyo twawaomba wenyeviti wa matawi wawaache vijana na magitaa yao. Wazee wanaozikumbuka beti ambazo hazikupata kuandikwa wakae nao jioni moja moja, wawasahihishe maneno, na katibu awe na daftari.