Manitou inyanyue chuma, mifuko ya unga ibaki kwa vibarua

GOMA – Wanaotetea mashine kwenye maghala ya misaada wana neno moja: haraka. Wanasema lori likishushwa kwa mashine, jamaa zilizohama zinapata chakula upesi. Lakini kibarua cha siku kimekwenda wapi?

Mashine yenyewe si adui. Wengi wanaiita Manitou, jina la kampuni ya Ufaransa inayoitengeneza. Mkono wake unarefuka, kipande kikitoka ndani ya kingine, kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa ndani ya mitungi ya chuma. Mbele inafungwa uma, ndoo au kulabu. Magurudumu yake makubwa yanapita kwenye matope na mawe, mahali mashine ndogo ya ghala inakwama. Goma na Nyiragongo, ambako volkano ya 2002 na ya 2021 imeacha mawe makali, chombo hicho kina faida.

Lakini kina mpaka wake. Mtu anayebeba ndoo ya maji karibu na kifua hachoki upesi. Akinyoosha mkono, ndoo ileile inamvuta chini. Manitou ni vilevile: mzigo inaouweza mkono ukiwa mfupi unaweza kuipindua mkono ukirefuka. Ndiyo maana kuna chati ndani ya kabini, na dereva asiyeisoma anahatarisha watu.

Basi ipewe kazi yake: jenereta, tangi la maji, vyuma vya daraja, mbao za paa la shule. Hivyo ndivyo vinavyovunja migongo ya vijana. Ni aibu kuona watu wakivuta jenereta kwa kamba huku mashine ikishusha mifuko ya unga ya kilo 25. Mfuko huo unabebwa begani, na chukudu inaufikisha mbali. Kwa baba aliyeacha shamba lake Masisi au Rutshuru, kibarua hicho ndicho chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Feranga zinazonunua mazuti ya mashine hazifiki kwenye chungu chake.

Kuna siku za dharura, mvua ikitisha na watu wakiwa na njaa. Siku hizo mashine ifanye yote. Ila dharura isigeuzwe kuwa desturi.

Mashirika yaandike jambo hili katika mikataba: mizigo mizito kwa mashine, mifuko kwa vibarua, wanaume kwa wanawake, waliochaguliwa na kamati za wahamaji mbele ya wote na kulipwa siku hiyohiyo. Na mashine inapofanya kazi, kamba izungushwe, mtu asisimame chini ya mzigo, watoto wakae mbali.

Msaada unaoleta unga na kuondoa kazi umefanya nusu ya safari. Anayeweza kubeba mfuko wake apewe nafasi ya kuubeba, na alipwe.