Mtoto wa Mbwara hakugeuka malaika



Likizo iliyopita tulikuwa mafrateri watatu huko Mbwara, Rufiji, tukizitembelea familia chache za Wakatoliki wanaoishi katikati ya majirani Waislamu. Siku ya tatu tulizika mtoto wa miezi saba. Alikuwa amebatizwa. Majirani ndio waliochimba kaburi, na kina mama wa mtaa mzima ndio waliokaa jikoni, kwa maana Pwani msiba hauulizi dini. Katekista alipomaliza sala, mama mmoja wa jumuiya alimshika mkono mfiwa akamwambia, "Usilie, mwanangu. Sasa una malaika mbinguni. Mtoto wako ameshakuwa malaika."

Tulitazamana. Muhula huo tulikuwa tumetoka kumsoma Mtakatifu Thoma wa Akwino juu ya malaika, na mmoja wetu alikwisha kufungua kinywa. Tukamkanyaga mguu, akanyamaza. Tunaamini kwamba kunyamaza pale kaburini kulikuwa sahihi. Tunaamini pia kwamba kunyamaza moja kwa moja kungekuwa kosa.

Kiswahili chetu kinalitumia neno malaika kwa upana. Mtoto mchanga huitwa malaika kwa kuwa hana hatia. Vinyweleo laini vya mwilini navyo ni malaika, na mpenzi huimbiwa hivyohivyo. Hatuna ugomvi na lugha. Ugomvi wetu ni pale msemo unapogeuka kuwa mafundisho, mtu akaanza kuamini kwamba kufa ni kubadilishwa na kuwa kiumbe kingine.

Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba Mungu aliumba viumbe vya roho na viumbe vya mwili, kisha mwanadamu mwenye vyote viwili. Malaika ni roho tupu: ana akili na utashi, hana mwili, hazaliwi wala hafi. Mtakatifu Thoma anakwenda mbali zaidi. Kwa kuwa malaika hawana mwili wa kuwatofautisha ndani ya aina moja, anasema kila malaika ni aina yake peke yake. Sisi wanadamu ni ndugu wa aina moja, tumetoka tumboni mwa mama. Hakuna mlango wa kupita kutoka huku kwenda kule. Bwana wetu aliposema kwamba wafu watakaofufuka watakuwa kama malaika, alikuwa akijibu swali la kuoa na kuolewa. "Kama" si "kuwa".

Picha zimechangia pia. Wachoraji wa Ulaya walizoea kuchora vitoto vinene vyenye mabawa, nasi tumevibandika kwenye kalenda na kadi za Krismasi. Malaika wa Maandiko hawafanani na vitoto hivyo. Gabrieli alipomtokea Zakaria hekaluni, mzee wa watu alishikwa na hofu, na neno la kwanza aliloambiwa ni asiogope.

Msomaji atauliza: mama amefiwa, kwa nini mafrateri wamnyang'anye faraja yake? Swali hilo lilitusumbua njia nzima ya kurudi. Jibu letu ni kwamba faraja ile ni ndogo kuliko anayostahili. Ile miguu aliyoiogesha kila jioni, ile sauti aliyoijua hata gizani, malaika hana hivyo. Kama mtoto amegeuka malaika, basi mama hatakutana na mwanawe tena. Atakutana na mwingine. Sisi tunakiri ufufuko wa miili, na maana yake ni kwamba yuleyule, kwa jina alilobatizwa nalo, atasimama tena akiwa na mwili wake. Waraka kwa Waebrania unatukumbusha kwamba Mwana wa Mungu hakuja kuwatwaa malaika, alitwaa uzao wa Abrahamu. Alichagua kuwa mtoto wa kunyonyeshwa.

Jioni ya siku ile, tukiwa tumekaa mkekani, tulimgusia jambo hili mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa mbele katika kuchimba kaburi. Akacheka kidogo. "Wanangu, hata sisi hatusemi hivyo. Malaika wameumbwa kwa nuru, binadamu kwa udongo. Mtoto ni mtoto." Tuliona haya kidogo. Miaka yote ya seminari, na mzee ameyamaliza kwa sentensi tatu.

Tuliporudi kwa yule mama siku mbili baadaye, hatukumhubiria. Tulimwambia tu kwamba Yesu alisema wadogo wana malaika wao mbinguni, kwa hiyo mwanawe hakuwa malaika ila alikuwa naye, tangu mwanzo, hata usiku ule wa homa. Na katika mazishi Kanisa huomba malaika wampeleke marehemu peponi, kama walivyomchukua Lazaro maskini. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza: "Sasa mafrateri, mtoto amekwisha kufika. Huyo malaika wake amebaki na kazi gani?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwahidi tutatafuta.

Tumelipata maktabani, katika Summa Theologiae, Sehemu ya Kwanza, swali la 113. Mtakatifu Thoma anasema mlinzi huhitajika njiani, kwa sababu njia ina hatari. Mtu akifika, hana tena malaika wa kumlinda, bali ana malaika wa kutawala pamoja naye katika ufalme. Yaani hawaachani. Mlinzi anakuwa mwenzake.

Juzi tulimpigia simu tukamsomea. Alikaa kimya mpaka tukadhani mtandao umekata. Kisha akatuomba turudie pale pa mwisho, polepole, baba wa mtoto naye asikie.